Mama anasahau: kipimo kipya cha damu kitatuambia nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72, ni mwalimu mstaafu, na tunaishi naye hapa Morogoro. Ana sukari kwa zaidi ya miaka kumi, na presha pia. Tangu mwaka jana anarudia swali lile lile mara nyingi kwa asubuhi moja. Shangazi yetu alifariki na mama alikuwepo mazikoni, lakini kila wiki anauliza shangazi anaendeleaje. Juzi alikwenda sokoni akashindwa kurudi, akaletwa na bodaboda anayemfahamu. Kaka yangu yuko Minnesota. Amesoma kwamba Marekani sasa kuna kipimo cha damu kinachogundua ugonjwa wa Alzheimer, na yuko tayari kulipia. Anasema tutume damu ya mama, au mama asafiri. Mimi nina miaka 46 na nataka kupima pia, maana bibi mzaa mama naye alisahau sana kabla ya kufariki. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, dada, na pole sana. Kumwambia mama kila wiki kwamba wifi yake ameshazikwa, na kumwona akiupokea msiba upya, ni kazi inayochosha kuliko watu wa nje wanavyodhani. Hilo nitalirudia mbele kidogo, kwa sababu lina nafuu yake.

Nianze na kaka yako. Hakudanganywa, kipimo kipo. Tarehe 16 Mei 2025 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kugundua Alzheimer, kinachotengenezwa na kampuni ya Fujirebio. Kimeruhusiwa kwa watu wa miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili. Oktoba mwaka huo huo kikaruhusiwa kingine cha Roche, hicho kwa ajili ya daktari wa kawaida anayetaka kujua kama mgonjwa wake anaweza kuondolewa kwenye orodha ya wanaoshukiwa.

Ili uelewe kipimo kinatafuta nini, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliuchunguza kwa hadubini ubongo wa mama mmoja aliyeanza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka hamsini tu. Alikuta vitu viwili: mabonge yaliyoganda kati ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe. Leo tunajua mabonge yale ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini ya tau. Kwa miaka mingi sana baada yake, uhakika wa ugonjwa huu ulipatikana mgonjwa akishakufa. Baadaye zikaja njia mbili za kuuona ubongo wa mtu aliye hai: picha ya PET yenye dawa maalumu inayonata kwenye amiloidi, na kuchota maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Zote mbili ni nzuri na zote mbili ni nzito. PET ni ghali mno, na mashine chache tulizonazo Afrika Mashariki, kama zile za Nairobi, zipo hasa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Sindano ya mgongo wazee wetu wengi wanaikataa.

Damu ilichelewa kwa sababu kinachotafutwa ni kidogo mno. Kinahesabiwa kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu, katika mililita moja. Mashine zenye uwezo wa kuhesabu hivyo ni za miaka ya karibuni. Amiloidi inapojikusanya kwenye ubongo, aina yake moja hupungua kwenye damu kwa kuwa imenaswa huko juu, na wakati huo huo seli za ubongo humwaga kwenye damu tau ya namna ya pekee, ambayo wataalamu huiandika p-tau217. Kipimo cha Fujirebio huigawanya hiyo p-tau217 kwa ile amiloidi iliyopungua. Uwiano ukipanda, amiloidi huenda ipo.

Na kinafanya kazi, nisikufiche furaha yangu. Katika wagonjwa 499 ambao FDA iliwaangalia, asilimia 91.7 ya waliopata majibu chanya walikutwa na amiloidi kweli kwa PET au kwa maji ya mgongo, na asilimia 97.3 ya waliopata hasi walikuwa hawana. Huko Sweden, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund walitoa matokeo mwaka 2024 ya wagonjwa 1,213 wenye matatizo ya kumbukumbu. Madaktari wa vituo vya kawaida walipatia asilimia 61 tu walipotakiwa kusema nani ana Alzheimer, mabingwa wakapatia asilimia 73, na kipimo cha damu kikapatia karibu asilimia 91. Mimi ni daktari, na namba hizo nazichukulia kwa uzito: tumekuwa tukiwakosea wagonjwa wengi kwa kukisia.

Lakini msome vizuri, wewe na kaka. Kipimo hakijibu swali la “kwa nini mama anasahau?” Kinajibu swali dogo zaidi: “je, kuna amiloidi kwenye ubongo wake?” Watu wengi huyachanganya hayo mawili, na hapo ndipo pesa na machozi hupotea.

Wewe umekulia kwetu, kwa hiyo utanielewa nikitumia malaria. Sehemu zenye malaria nyingi, mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu kwenye damu na asiumwe kabisa. Akija na homa ya nimonia ukampima malaria tu, utapata chanya, utampa dawa ya mseto, na nimonia itaendelea kumla. Amiloidi ni hivyo hivyo. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2015 uliokusanya takwimu za nchi nyingi ulionyesha kwamba kati ya watu wasio na tatizo lolote la kumbukumbu, asilimia kama 10 wa miaka 50 tayari wana amiloidi, na kwa wenye miaka 90 ni asilimia 44. Mzee anaweza kuwa na amiloidi na kinachomsahaulisha kikawa kitu kingine kabisa, tena kitu kinachotibika.

Sasa tumtazame mama mwenyewe, kwa sababu barua yako ina mambo ambayo kaka yako huko Minnesota hawezi kuyaona. Umesema ana sukari zaidi ya miaka kumi. Nina uhakika mkubwa anatumia metformin. Dawa hiyo ni nzuri, lakini ikitumika miaka mingi hupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu wa B12 huleta usahaulifu, ganzi miguuni na kuyumba. Hutibiwa kwa sindano za bei ndogo. Kisha fungua boksi lake la dawa leo jioni, uangalie kama kuna glibenclamide. Hiyo hushusha sukari, na kwa mzee ambaye figo zimechoka inaweza kuishusha kupita kiasi bila yeye kutetemeka wala kutoka jasho. Anachanganyikiwa tu, anapotea njia. Sasa fikiria mama anayesahau kama ameshameza dawa, akameza tena. Kabla sijafikiria Alzheimer kwa mtu aliyepotea njia ya soko aliyoizoea, nataka kujua sukari yake ilikuwa ngapi saa ile. Aliondoka amekula? Bodaboda alimkuta saa ngapi? Mkiwa na mashine ya kupimia sukari nyumbani, mtoboeni kidole kila mnapomwona amechanganyikiwa, muandike namba na saa.

Kwenye boksi hilo hilo angalia vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi, kama chlorpheniramine ambayo wengi wanaiita Piriton, na amitriptyline wanayopewa wagonjwa wa sukari kwa ajili ya ganzi na miguu kuwaka moto. Zote hizo huzuia kemikali ambayo ubongo unaitumia kukumbuka. Mzee akizitumia kila usiku apate kulala, kumbukumbu yake inateremka. Msizikatishe ghafla wenyewe. Mpelekeeni daktari boksi zima.

Presha nayo. Presha na sukari zikikaa pamoja miaka mingi hutengeneza viharusi vidogo vidogo ambavyo hakuna aliyeviona, kwa sababu mkono haukulegea wala mdomo haukupinda. Usahaulifu wa namna hiyo hautaonekana kwenye kipimo cha amiloidi. Unaonekana kwenye picha ya kichwa. Picha hiyo hiyo itaonyesha kama kuna damu iliyovilia kati ya fuvu na ubongo. Mzee anaweza kujigonga kidogo bafuni, asiseme, na wiki kadhaa baadaye akaanza kupotea. Hiyo hutolewa na daktari wa upasuaji, na mtu anaweza kurudi alivyokuwa. Nimeona familia ikimkatia mzee tamaa kwa jambo hili, na linaniuma kila mara.

Kwa hiyo vipimo vya damu nitakavyoviandika kwanza ni vya kawaida, na vingi vinapatikana hospitali ya rufaa ya mkoa au maabara kubwa za mjini: wingi wa damu, sukari na wastani wake wa miezi mitatu, figo, chumvi za mwilini, homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, VVU na kaswende. Hivyo viwili vya mwisho msivionee haya. Kaswende ya zamani hushambulia ubongo miaka mingi baadaye, na VVU haviangalii umri wala heshima ya mtu. Pamoja na hivyo, mkojo, maana maambukizi ya njia ya mkojo humchanganya mzee kwa siku chache tu. Kisha CT scan ya kichwa, ambayo hospitali nyingi za rufaa za mikoa wanayo siku hizi. Masikio na macho pia: mzee mwenye mtoto wa jicho na masikio mazito huonekana amesahau kumbe hakusikia tangu mwanzo. Na moyo wake. Muulizeni, kwa upole, kama bado anafurahia kitu chochote. Sonona ya uzeeni hujificha ndani ya usahaulifu.

Kipimo cha figo kina kazi ya pili hapa. Figo zikidhoofika, p-tau hushindwa kutoka mwilini vizuri na hupanda kwenye damu hata kama ubongo hauna tatizo hilo. Mama mwenye sukari ya miaka kumi na presha ni mtu ambaye majibu yake chanya ningeyatilia shaka mpaka nione figo zake. Unene nao huvuta upande wa pili, hushusha namba hizo. Na hata kwa mgonjwa asiye na figo mbovu, katika wale 499 niliowataja, karibu mmoja kati ya watano alipata majibu ya katikati yasiyosema ndiyo wala hapana. Mtu wa namna hiyo huhitaji PET au sindano ya mgongo. Mama akiangukia hapo, mtakwenda wapi?

Baada ya hivyo daktari atakaa naye ampime akili yenyewe. Vipimo vingi vya kizungu humtaka mgonjwa achore saa au anakili umbo kwa kalamu, na kwa bibi aliyeishi shambani bila kushika kalamu hicho ni kipimo cha shule, si cha ubongo. Watafiti waliofanya kazi wilayani Hai, Kilimanjaro, pamoja na wenzao wa Nigeria, walitengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Daktari anapanga njiti nne za kiberiti mezani kwa umbo fulani, anampa mzee njiti nyingine na kumwomba apange vivyo hivyo. Anamuuliza leo ni siku gani. Anamwomba ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na akumbuke maneno kumi aliyosomewa. Mama yako ni mwalimu, kwa hiyo mwambie daktari hilo mapema: mtu aliyesoma na kufundisha maisha yake yote anaweza kupata alama nzuri huku ugonjwa umeshafika mbali, kwa sababu ana akiba kubwa ya maneno ya kuzibia mapengo. Kwake, habari zako wewe unayeishi naye zina uzito kuliko alama. Andika lini ilianza, ilianza ghafla au polepole, amewahi kuanguka, anapika bado, anahesabu chenji.

Utafiti wa Hai huo huo, uliochapishwa 2013, ulikuta takriban watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kupoteza akili za uzeeni, na wengi wao hawakuwa wameonwa na daktari kwa ajili hiyo. Mama yako hayuko peke yake, na wala hakurogwa. Nasema hivyo kwa sababu najua majirani huongea.

Tuje kwenye kutuma damu. Haiwekwi kwenye bahasha. Huchukuliwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, huzungushwa kwenye mashine ndani ya saa chache mpaka maji ya manjano yatengane na chembe nyekundu, maji hayo hugandishwa, na husafirishwa kwenye barafu kavu. Amiloidi hushuka sampuli ikikaa kwenye joto, na hunata hata kwenye ukuta wa kichupa kibaya. Ikichelewa Dar es Salaam mchana mmoja tu, namba itakayosomwa huko ng'ambo si ya mama tena. Ikitokea maabara ikawaambia inaweza, waulize ni p-tau gani wanapima, damu inatenganishwa baada ya saa ngapi, na ni daktari gani atakaa nanyi kusoma majibu. Wakisitasita kwenye la tatu, achaneni nao. Watafiti wanajaribu njia ya tone la kidole lililokaushwa kwenye karatasi, na mimi naisubiri kwa hamu kwa sababu ndiyo itakayofika vijijini kwetu, lakini haijawa huduma ya kliniki.

Kuna jambo jingine linalonihusu sana. Mipaka ya “chanya” na “hasi” imewekwa kwa kutumia damu za watu wa Ulaya na Marekani, wengi wao weupe. Sisi tuna sababu ya kuuliza kama inatufaa. Utafiti wa Ibadan na Indianapolis uliolinganisha Wayoruba wa Nigeria na Wamarekani weusi, na kuchapishwa 2001, ulikuta Alzheimer mpya kwa mwaka kule Ibadan ni chini ya nusu ya ile ya Indianapolis, na jeni ya APOE4 ambayo kwa Wazungu ni hatari kubwa haikuonekana kuwa na nguvu hiyo Ibadan. Kinshasa, mtafiti Jean Ikanga na wenzake wameanza kupima protini hizi kwenye damu za Wakongo. Kuna pia utafiti mkubwa wa jeni unaoandikisha watu Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Kazi hiyo ikikamilika, nitaweza kumwambia mgonjwa wa Morogoro maana ya namba yake kwa ujasiri zaidi ya leo.

Kaka atauliza: je, tukijua ni Alzheimer si kuna dawa mpya? Zipo, lecanemab iliyopata kibali kamili Marekani 2023 na donanemab ya 2024, na ni kwa sababu yake vipimo vya damu vimeharakishwa. Huondoa amiloidi kwa dripu, ya kwanza kila wiki mbili, ya pili kila mwezi. Katika majaribio lecanemab ilipunguza kasi ya kuporomoka kwa asilimia 27 kwa miezi 18. Haikurudisha kumbukumbu iliyopotea. Mgonjwa anahitaji MRI za mara kwa mara, kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Uvimbe ulionekana kwa mtu mmoja kati ya wanane hivi. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, dawa pekee. Ni kwa walio hatua za mwanzo tu. Sijamwona mama, lakini kumsafirisha mzee anayepoteza njia ya sokoni mpaka nchi asiyoijua, kwa lengo hilo, mimi nisingeshauri. Safari ndefu huwavuruga hata wale waliotulia nyumbani. Donepezil ya vidonge, ya zamani, ipo kwenye maduka makubwa ya dawa hapa nchini. Huwasaidia baadhi kidogo, na daktari wenu anaweza kuamua bila kipimo cha amiloidi.

Wewe sasa, wa miaka 46 usiye na dalili. Usipime. Vipimo hivi havikuruhusiwa kwa watu kama wewe, na sababu ni hesabu. Chukua watu 100 wa rika lako, tuseme 10 wana amiloidi, na kipimo kinapatia asilimia 90 kila upande. Kitawakamata 9 kati ya hao 10, na kitawashutumu 9 kati ya wale 90 wasio nayo. Watu 18 watarudi nyumbani na majibu chanya, nusu yao bure. Na wale wa kweli wanaweza kukaa miaka 15 au 20 kabla ya dalili, au zisije kabisa, huku hakuna dawa tunayowapa watu wazima wasioumwa. Alzheimer ya kurithishwa moja kwa moja ipo, lakini ni chini ya asilimia 1 ya wagonjwa wote, na huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 60. Mama alianza akiwa na 71. Wewe pima presha, sukari na mafuta ya damu, na usikivu wako kadiri umri unavyosogea. Jopo la jarida la Lancet lilikadiria 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa duniani vinahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na hayo yamo ndani yake.

Kuhusu wifi yake: mama akiuliza anaendeleaje, usimtangazie msiba kila mara. Mwambie, “Umemkumbuka shangazi leo eh? Hebu nisimulie mlivyokuwa mkienda wote kisimani.” Utakuta anachokitafuta ni mtu, si habari. Akikuuliza waziwazi kama amekufa, mjibu ukweli, kwa sauti ya chini, kisha kaa naye.

Wiki hii nendeni hospitali ya mkoa na boksi la dawa, namba za sukari na karatasi yako ya maelezo. Wakikosa sababu ya kutibika, waombeni rufaa kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, Muhimbili au KCMC, na majibu yote mkononi. Huko ndiko suala la p-tau217 litakapokuwa na maana, kama bado litahitajika. Hela ya kaka itumike kwa CT scan na B12 kwanza. Itakayobaki imlipe mtu mzima mwaminifu wa kukaa na mama asubuhi ukiwa kazini, amsimamie dawa, ahakikishe amekula kabla ya kuzimeza, na afuatane naye akitaka kwenda sokoni. Mshonee pia namba yako ya simu ndani ya kanga anayotoka nayo.